"Dada, saa ya mwanaume wewe ya nini?"

Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Naandika kabla watoto hawajaamka, nikichelewa nitaghairi.

Ni ile saa ya baba. Mdogo wangu kaichukua na sina neno, kikao cha ukoo ndicho kilichompa, siku tulipoanua matanga. Ila mbele ya wazee wote aliniambia, "Dada, saa ya mwanaume wewe ya nini?" Wakacheka. Mimi niliyemuuguza baba miaka minne! Mikono ilipoanza kumtetemeka, mimi ndiye niliyekuwa naitia ufunguo kila asubuhi kabla hajanywa uji, maana si ya betri. Huyo aliyepewa alikuwa Dar, anapiga simu Krismasi.

Baba alipewa na mhandisi mmoja mzungu, baba akiwa dereva wake, miaka ile Dodoma imetangazwa makao makuu. Ni Rolex Daytona ya dhahabu, ina visahani vitatu vidogo usoni, saa ya watu wa mbio za magari. Aliivaa kanisani tu. Sisi tulijua ni saa nzuri, basi.

Kijana wangu anayesoma UDOM ndiye aliyenifungua macho. Anasema Daytona za kutia ufunguo ziliacha kutengenezwa 1988, na za dhahabu ni chache, wakusanyaji wanazisaka dunia nzima. Ile ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na ilikuwa ya chuma. Najua ile ilibebwa na jina la mwenyewe, ya baba haifiki huko. Lakini si saa ya kupimwa kwa gramu, Shangazi! Mdogo wangu kaipeleka kwa sonara mjini ikasuguliwa ing'ae, kumbe wakusanyaji wanataka ibaki na mikwaruzo yake, kingo zikishalika thamani inashuka. Sasa wanapatana bei ya dhahabu, iyeyushwe. Ijumaa.

Karatasi yake ya waranti, yenye namba ile ile ya saa, ya kuonyesha kuwa ni yenyewe hasa, ninayo mimi, imo ndani ya Biblia yangu. Sikuiba. Baba alinipa kwa mkono wake akasema, "Tunza." Kwenye kikao hawakuniuliza. Wangeniuliza ningesema. Nadhani ningesema.

Je, nimpe kabla ya Ijumaa, au ninyamaze? Nikimpa atauza kwa bei kubwa, na kesho ataniuliza tena saa ya mwanaume ya nini. Nikinyamaza, sonara ataitia motoni na mimi nilijua.

Sitaki hela, Mungu shahidi yangu. Ingawa paa la mama linavuja, na ada ya huyu kijana bado sijamaliza. Usiku huu mara nimetaka iuzwe tugawane, mara nimetaka irudi nyumbani, niitie ufunguo asubuhi kama zamani, isiuzwe kabisa. Hata Mahakama ya Mwanzo nimeiwaza, kisha nikaona aibu, tumenyonya ziwa moja.

Angesema tu, "Dada, nilikosea," mbele ya wazee wale wale waliocheka.

Nijibu upesi, Shangazi. Leo ni Jumatano.

Dada mkubwa,
Chamwino