Kinu cha maji hakikuuawa na dizeli peke yake

Mhariri,

Kila vinapotajwa vinu vya maji vya zamani vya Magharibi mwa Kenya, yaani mashine za kusaga mahindi kwa mawe yanayozungushwa na maji ya mto, husemwa vilikufa mashine za dizeli zilipoingia. Dizeli ilichangia, lakini ilikuta vingi vimeshadhoofika kwa sababu mbili: urithi na matope.

Kavirondo Kaskazini, wilaya ya kikoloni iliyojumuisha Kakamega na Vihiga za leo, ambako Waquaker (Wakristo wa madhehebu ya Marafiki) walianzisha misheni ya ufundi Kaimosi mwaka 1902, vinu vilienea miaka ya 1920 na 1930. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walihitaji posho, na unga ukapata soko. Gharama ya mawe, gurudumu na mfereji ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo watu walichanga na kumiliki kinu kwa hisa. Fundo liko hapo. Shamba hugawika, kinu hakigawiki. Washirika 4 wenye wana 4 kila mmoja huacha warithi 16. Wote wanadai mapato, ila wa kuzoa matope mferejini haonekani.

Lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 3 zina nguvu ya karibu kilowati 3, na mawe hupata nusu yake au zaidi kidogo. Mfereji ukijaa mchanga, hata hiyo haipatikani. Gurudumu la mbao likisimama wiki kadhaa, upande wa chini hubaki umelowa na kuwa mzito huku wa juu ukikauka na kupasuka. Siku likifunguliwa maji linayumba, na mhimili unakula vikalio vyake, yaani sehemu unazokalia ukizunguka.

Mawe nayo yana masharti. La juu halipaswi kugusa la chini: nafasi kati yao hupungua kutoka katikati hadi ukingoni, ambako ni unene wa karatasi tu. Mistari iliyochongwa usoni ikifutika, unga hutoka wa moto, unanuka kuungua, na wateja wanahama. Dawa ni kulipindua jiwe la juu na kuchonga upya kwa tindo. Mahindi yakiisha na jiwe likaachwa lizunguke tupu, mawe husuguana na kutoa cheche, na vumbi la unga hushika moto upesi.

Familia zenye mawe haya zisiyageuze vizingiti vya milango. Ziandike hisa za kila mlango wa ukoo wazee wakiwa bado hai. Anayetaka kufufua kinu aombe kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kisha warithi watie saini zamu za kusafisha mfereji kabla ya kununua hata ubao mmoja wa gurudumu.

Msomaji, Vihiga