Barua kwa mwanangu anayekwenda kusoma masta ya historia

Mbukwa mama. Sisi huku wazima, bibi yako ndo hivyo, miguu tu inamsumbua. Nakuandikia maana simu hupokei, unasema upo kwenye kikao, sijui walimu mna vikao gani mpaka Jumapili.

Nianze na hili. Barua ya ruhusa ya masomo umeipata? Siulizi umeomba, nauliza umeipata, ipo mkononi, ina mhuri na sahihi ya Mkurugenzi. Juzi sokoni Kibaigwa nimekutana na mzee mmoja, kijana wake ni mwalimu wa sekondari, alikwenda chuo akijua mkuu wa shule kakubali kwa mdomo basi imetosha, kuja kushtuka mshahara umekata na kwenye faili kaandikwa mtoro kazini. Siku 5 tu mama, ukizipitisha bila ruhusa hakuna wa kukutetea. Mkuu wako wa shule ni mtu mzuri, huwa ananisalimia vizuri tu, ila yeye siyo mwajiri wako.

Kusoma sikukatazi. Watu wananiuliza historia ya nini, si angesoma uongozi wa elimu apate cheo, nawajibu mwanangu anaandika habari za Kongwa, na nawajibu kwa sauti wasikie. Mimi nilitaka uhasibu, unajua, ukanikatalia tangu fomu foo, basi yaishe.

Na hicho kichwa chako cha utafiti, mradi wa karanga wa Kongwa, nimekipenda. Ila usiende kurudia yale ambayo kila mtu anayo, kwamba Waingereza walikuja 1947 na matrekta kulima karanga, mvua ikawatupa, udongo ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji karanga haing'oki, 1951 wakaacha, pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Hayo wameshayaandika wenyewe na wakachekana wenyewe. Wewe niambie visiki alikata nani? Walilala wapi, walilipwa nini, na yule mama aliyekuwa analima uwele pale kabla trekta halijapita, alihamia wapi? Maana Wagogo walikuwepo na ng'ombe wao, ile ardhi wanaijua, nani aliwauliza kuhusu mvua?

Umesema mafaili mengine yapo Nyaraka za Taifa huko Dar na mengine London. London sina nauli, nakwambia mapema usije ukaandika kwenye andiko lako halafu ukanigeukia mimi. Na wazee hawapo Dar, wapo Kongwa, Mlali, Hogoro, na kila msiba anapungua mmoja. Ukienda kwao usitangulize karatasi na simu ya kurekodi, beba sukari, kaa, salimia mpaka wao wenyewe waulize umefuata nini. Bibi yako umeshamhoji? Hujamhoji. Unataka kuhoji wazee wa watu na wa kwako yupo hapa barazani, mume wake alifanya kazi kwenye hizo karanga na bibi anakumbuka mpaka posho ilivyokuwa inagawiwa, lakini ukija unakaa siku 2 unashika simu.

Lile sanduku la babu usiniulize tena. Karatasi zilikuwemo, nadhani na kadi yake ya kazi, ila ule mwaka wa mvua kubwa kuni zote zililowa na wewe ulikuwa mdogo unalilia uji.

Turudi kwenye barua. Afisa Utumishi akikwambia njoo kesho, nenda hiyo kesho, mwenyewe, usitume mtu. Wakisema haumo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu, uliza kama kuna likizo bila malipo, na hiyo nayo iwe kwenye maandishi, kuliko kuondoka kimya kimya unategemea kusamehewa. Ukiipata ipige picha unitumie, ya kwako toa kopi uweke mbali na ile orijino. Ajira ya serikali mama ukiipoteza kuirudia ni kazi, wenzako wangapi wana vyeti wanauza vocha.

Ada ya muhula wa kwanza nitauza mahindi, siyo yote maana bei haijakaa vizuri na mdogo wako naye anadaiwa michango. Ada itakayobaki itoe kwenye mshahara wako, ndo maana naulizia barua. Mikopo ya kausha damu usiisogelee kabisa, hata wakikwambia ni dakika 5 hela ipo kwenye simu.

Banda la kuku upepo umeng'oa bati 3, fundi anataka hela nyingi nitapanda mwenyewe, mama yako hataki, tumeshagombana. Halafu anasema ulivyokuja mara ya mwisho uliondoka na ufunguo wa kabati la vyombo, angalia kwenye ule mkoba mweusi, umpe dereva wa Noah anayekuja Kibaigwa Alhamisi, tuna wageni wa mahari Jumamosi na sahani zote zimo humo.

Baba yako