Ile chupa imeuzwa, Dismas

Chalii wangu Dismas,

Kwanza mpe mama shikamoo yangu. Vipi huko Rau, mvua zinawatendaje? Hapa Njiro barabara yetu imekuwa mto tangu Jumapili, bodaboda wanaishia pale juu kwenye lami, ila sisi wazima. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na simu zako mbili sikupokea, nisamehe kwa kweli, kila ukipiga ulikuwa unauliza ile websaiti yangu ya vifaa vya kupandia Kilimanjaro imeingiza shingapi na mimi sikuwa na la kukujibu.

Sasa ninalo. Imeuzwa ile chupa, yaani mtu kaklik linki yangu, kainunua Amazon na mimi nimepata kamisheni.

Unakumbuka siku ile stendi ya Moshi tumekaa kwenye Coaster inasubiri kujaa, ukanisimulia yule mgeni aliyekuja na begi la maji lenye mpira wa kunyonyea? Mmetoka kambi ya Barafu saa sita usiku, kufika saa nane mpira umeganda, anavuta hakitoki kitu, maji anayo mgongoni na kiu inamuua. Ukamtolea chupa yako ya mdomo mpana uliyoivisha soksi nzito na kuilaza kichwa chini, maana barafu inaanzia juu, ukiigeuza mdomo unabaki na maji. Nilifika nyumbani nikaandika hivyo hivyo ulivyosema, kwa Kiingereza changu, nikaongeza kwamba kule juu KINAPA, wenye hifadhi ya mlima, hawaruhusu zile chupa za maji za kutumia mara moja na kutupa, kwa hiyo chupa nzuri lazima aje nayo, chini nikaweka linki moja tu. Basi. Jumanne asubuhi nafungua akaunti nakuta mauzo 1. Kamisheni yenyewe haifiki hata nauli ya kuja Moshi lakini nilisimama jikoni nikamwita mke wangu aje aone.

Halafu usiku nikakaa kutafuta kwa nini hiyo na siyo zingine. Mwezi wa nne waliingia watu 2,000 na kitu. Wengi wao wanaingia kwenye ile makala ya urefu wa mlima, anataka kujua ni mita 5,895, anaisoma hiyo namba anaondoka, labda ni mwanafunzi ana homuweki, na mimi nimemjazia viatu vya dola 150 ukurasa mzima! Walioklik 96, aliyenunua hakuna. Makala ya chupa wameingia 61, wameklik 14, mmoja kanunua. Yaani miezi yote nilikuwa nahangaika kuongeza watu na kuongeza linki, kumbe wanaokuja hawajafika hatua ya kununua, na wale waliofika hatua hiyo hawana sababu ya kuniamini. Viatu 9 nimeviandikia, Dismas, hakuna hata kimoja nilichowahi kukishika. Nimeokoteza maneno ya wauzaji nikayapanga upya. Msomaji anajua, hata kama hasemi anajua.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe umepanda na wageni miaka yote hiyo, umeona soli gani imebanduka pale Barranco, umeona nani kalia vidole vyake mnashuka Mweka kwa sababu kiatu kipya hakukizoesha nyumbani. Hivyo ndivyo mtu aliyekaa kwao anataka kusikia kabla hajatoa hela. Na atoe mapema, maana anayepanda mwezi wa nane kiatu anatakiwa akivae tangu sasa, akija kukitafuta mwezi wa saba amechelewa. Kwa hiyo makala hizo zinatakiwa zitoke ndani ya wiki mbili hizi, na wewe mvua hizi najua uko nyumbani.

Kingine nilichogundua, na hiki kimeniuma, Waingereza wanaklik sana ila linki zangu zote ni za Amazon ya Marekani. Mtu wa London akifika pale anaona dola na gharama ya kusafirisha, anarudi zake kwenye Amazon ya kwao ananunua huko na mimi sipati kitu. Kumbe kila nchi unajisajili kivyake. Nimeanza kushughulikia. Halafu ukiachana na hilo mtu akishaklik una saa 24 tu, akinunua keshokutwa si yako, isipokuwa awe amekiweka kwenye kikapu ndani ya hizo saa, hapo wanakuhesabia mpaka siku 90. Ndiyo ujue kumpata anayesomasoma tu hakusaidii.

Na muda wenyewe unanibana, sheria ya Amazon siku 180 uwe na mauzo 3, la sivyo akaunti inafungwa. Zimebaki 38, mauzo ninayo moja. Lile wazo lako la kununua sisi wenyewe kupitia linki yangu haliruhusiwi, wala kumtuma ndugu, nimesoma, na hata lingeruhusiwa nisingetaka ianze hivyo. Slipingi begi nimeshaamua nitaandika wazi kwamba mtu akodi Moshi, asibebe toka kwao, na wagumu, yaani wapagazi, mzigo wao una kikomo cha kilo 20. Kamisheni hiyo nitaikosa na sijali, akiona nimemwambia hivyo ataniamini kwenye kiatu. Na kila ukurasa nimeandika juu kabisa kwamba akinunua kupitia hapa napata asilimia kidogo, maana uliniuliza kama siyo kumwibia mtu. Bei yake haiongezeki.

Sasa naomba hivi, nitumie voisi WhatsApp, ongea tu kama ulivyoongea kwenye Coaster, mimi nitaandika. Na picha. Viatu vyako vya kazi jinsi vilivyo, na matope yake, usivioshe. Sura za wageni usiweke. Nikipata hela ya kwanza kuanzia hizo makala nusu yako, hilo nimeshamwambia na mke wangu.

Niambie basi, kiatu gani umeona kinamaliza njia ya Machame bila kulalamikiwa? Glavu za vidole au zile za mfuko, usiku wa kileleni unamwambia mgeni avae zipi? Yule Mjerumani aliyepoteza taa ya kichwa ilikuwaje, betri ziliisha au baridi ilizimaliza? Baraka bado anakodisha vifaa pale karibu na Memorial, na ataniruhusu nije nipige picha? Na wewe goti lako vipi, ulienda kuliangalia?

Jumamosi naweza kuja na Coaster ya saa moja kama upo. Niambie kabla ya Ijumaa jioni.

Ni mimi,
Baba Ebeneza