Kabla askari hawajavuka mpaka

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Hapa Lamu sote wazima, na mama anakusalimu sana.

Barua yako imefika. Unasema nchi ikishaingia vitani raia anyamaze, kwa kuwa kubishana hadharani ni kumvunja moyo askari. Mimi sikubaliani nawe hata kidogo.

Wakumbuka Oktoba 2011. Mtalii Mwingereza alikuwa ameuawa Kiwayu na mkewe kutekwa, kisha mama wa Kifaransa, mlemavu, akachukuliwa usiku pale Manda, ng'ambo tu ya sisi. Hasira ilikuwa ya haki, nami nilikuwa nayo. Lakini tarehe 16 majeshi yetu ya Kenya yakavuka mpaka kuingia Somalia, na wananchi tukasikia kwenye redio. Katiba tuliyoipigia kura mwaka uliotangulia, kifungu cha 95, inataka Bunge la Taifa liidhinishe kutangazwa kwa vita. Hivi havikutangazwa. Vikaitwa operesheni, Linda Nchi, serikali ikasema inajilinda chini ya kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Bunge lilipokuja kuamua Desemba kuhusu kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, vijana walishaonja tope la mvua za vuli kule.

Siku zile pale barazani mzee mmoja aliuliza, "Watarudi lini?" Akafokewa kwamba anawatetea Al-Shabaab. Akanyanyua bakora yake akaenda zake. Lakini swali lake hakuna aliyelijibu, si barazani wala Nairobi.

Kisha yakaja mashambulizi huku kwetu Kenya: Westgate 2013, Mpeketoni 2014, na Chuo Kikuu cha Garissa 2015, ambako watu 148 waliuawa. Katika miaka hiyo Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu majeshi yalipopelekwa, naye akasema yarudishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mimi sisemi nani kati yao alikuwa na haki. Nasema mjadala ule ulikuwa haki yetu tangu mwanzo, tukaupata baada ya mazishi.

Na El Adde, kambi ya askari wetu huko Somalia iliyoshambuliwa Januari 2016? Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema waliokufa ni 180 au karibu 200. Nairobi ikakana, lakini hesabu yake yenyewe haikuitoa. Niambie, hapo ni mbishi gani aliyemvunja moyo askari?

Huku kwetu vita hatukuvisoma magazetini. Wageni walikatika, mahoteli yakafungwa, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku kwa miaka. Wewe mtoto wa mvuvi wajua: jarife, ule wavu mkubwa, hutegwa jua likizama, hupandishwa alfajiri. Aliyezuiwa usiku anaamka asubuhi hana cha kupeleka mnadani. Watu hawa wangeulizwa, pengine wangekubali taabu hiyo kwa moyo mmoja. Hawakuulizwa.

Wewe uliyeko London umeniandikia kwamba Waingereza walibishana sana 2003, wakaandamana mamia kwa maelfu, na bado wakaenda Iraq. Ni kweli. Lakini Robin Cook alijiuzulu uwaziri kabla ya kura, akasimama bungeni akaeleza kwa nini. Kesho yake ikapigwa kura, 412 kwa 149, na jina la kila mbunge limeandikwa. Miaka 10 baadaye, waziri mkuu wao Cameron alipotaka kuishambulia Syria, Bunge lilimkatalia kwa kura 285 dhidi ya 272, naye akatii. Mimi naamini kumbukumbu ya Iraq ndiyo iliyowapa wabunge wale ujasiri. Sisi kura ya Oktoba 2011 hatuna. Mjukuu wangu akiniuliza mbunge wetu alisema nini siku ile, sina cha kumwonyesha.

Kwa hiyo usiniombe ninyamaze. Binamu yangu yumo jeshini, nampenda, na ni kwa ajili yake nataka wanaomtuma wasimame mbele ya watu waeleze anakwenda kufanya nini na atatoka vipi.

Nijibu upesi, hata kama ni kwa kunipinga. Wasalimie watoto, na uje Maulidi mwaka huu inshallah, tuumalizie ubishi huu barazani.

Wako,
Swahibu wako wa Lamu