Barua kwa wazazi wenye watoto wa maandalizi

Assalaam alaykum wanangu,

Wiki iliyopita nilinunua njugu hapa Wete, nikiwa na mtoto wa jirani mwenye miaka sita. Muuzaji akazipima kwa kikopo, akazimimina kwenye karatasi iliyoviringwa. Tulipozimaliza, mtoto akaikunjua. Ilikuwa picha aliyoichora mwenyewe: dau lenye tanga la buluu, na ndani yake babu yake, mikono mirefu mpaka majini kwa kuwa anavua mshipi. Babu huyo tumemzika mwezi wa Rajabu. Mtoto hakulia. Aliifuta chumvi kwa kanzu yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nilipomuuliza mama yake akanijibu, "Bibi, makaratasi yamejaa nyumba, nimeyatoa yote kwa kilo."

Sikukasirika kwa kupunguza kwake. Nimefanya kazi ya nyaraka miaka mingi, na hata huko si kila karatasi huwekwa. Lakini anayepunguza husoma kwanza. Ninyi mnatupa hamjasoma.

Basi someni. Picha aliyopewa imeshachapwa, kazi yake kuijaza rangi tu, iacheni iende. Wekeni ile ya kichwa kilichoota miguu bila kiwiliwili. Watoto wengi huchora mtu hivyo wakiwa na miaka mitatu au minne, kisha hawarudii tena. Wekeni yenye mtu wa nyumbani. Na wekeni ile ambayo mwenyewe ana kisa chake. Muulizeni, "Huyu nani? Anafanya nini?" kisha mnyamaze, jamani, mnyamaze! Alichosema kiandikeni nyuma ya karatasi kwa penseli, vilevile alivyokisema, pamoja na tarehe na umri wake. Bila ya hayo, miaka kumi ijayo mtabishana kama lile ni dau au bakuli.

Kumi kwa mwaka zinatosha. Zitieni kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati au ndani ya kasha, mbali na mchwa. Pini za chuma hapana, zitashika kutu. Msizifungie ndani ya plastiki, masika yakija zitaota koga. Ukutani penye jua, rangi hupauka.

Jambo moja linaniuma zaidi. Cheti cha skuli mnakitilia fremu mkakitundika sebuleni, kwa sababu mtu mwengine amekipiga muhuri. Alichokitoa mtoto kichwani mwake mwenyewe mnakipima kwa kilo. Mkipiga picha kwa simu mkairusha kwa shangazi zake, mnajiona mmeweka. Simu ngapi zimeshaharibika humu majumbani mwenu, na vilivyokuwamo viko wapi?

Picha ya dau sasa imo ndani ya bahasha, na madoa yake ya mafuta ya njugu. Nyuma yake mama ameandika maneno ya mwanawe: "Babu anavua changu, mimi nimeshika tanga." Bahasha nyengine ninazo. Mwenye kuhitaji apige hodi, baada ya alasiri nipo.

Bibi yenu,
Wete, Pemba