Kinachoanza kwenye simu kiishie jukwaani

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, umeniuliza vipi simu zitawaleta vijana wa Malindi kwenye mchezo wenu wa kuigiza. Kwangu mimi shuruti ni moja: kila mnachokianzisha kwenye simu kiishie jukwaani. Mkiurusha mchezo mzima mtandaoni, kijana atautazama akiwa kitandani, na uwanjani hakanyagi.

Anzeni na uteuzi wa waigizaji. Chagueni mistari sita yenye mzozo ndani, muitume kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaani, na anayetaka nafasi arudishe ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja. Wasichana wengi ambao wasingethubutu kusimama mbele za watu siku ya kwanza huitikia kwa njia hii. Sikilizeni pumzi na matamshi. Ukubwa wa sauti mtaufundisha baadaye. Waliokosa nafasi nao waitwe mazoezini, kwani taa, mavazi na kamera vyataka watu.

Kisha klipu ya kuwavuta watazamaji. Sekunde 40 zatosha. Mama akishauliza swali zito, kateni kabla mwana hajajibu. Simu isimame wima, usawa wa kifua cha mwigizaji, hatua mbili tatu kutoka kwake. Msiikate klipu hiyo kutoka kwenye video ya jukwaani: anayepeleka sauti hadi safu ya nyuma huonekana anafoka kwenye kioo kidogo. Irekodini peke yake, kwa sauti ya mazungumzo. Maneno yaandikwe juu ya picha kwa herufi kubwa, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, lakini yasikae chini kabisa, yatafunikwa na vitufe.

Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi huku pwani. Upepo wa kusi ukivuma, maikrofoni ya simu iliyo mbali hunasa ngurumo tupu. Tafuteni simu ya pili iwe kinasa sauti. Zimeni laini na intaneti, muivishe soksi nyembamba, kisha muifunge kifuani mwa mwigizaji chini ya kanzu au leso, kichwa chini miguu juu, kwa sababu maikrofoni ya simu nyingi iko karibu na tundu la chaji. Ibandikeni kwa plasta, la sivyo nguo itakwaruza kila anaposogea. Simu zote mbili zikishaanza kurekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio huo ndio mtakaolinganishia sauti na picha kwenye CapCut au programu nyingine yoyote ya kuhariri video.

Mkirekodi usiku, mtaona michirizi ikipita kwenye picha. Umeme wetu ni wa hetzi 50, na simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, hivyo mwanga wa taa za bei nafuu haupatani nazo. Wekeni fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde kama simu inaruhusu.

Sehemu niipendayo zaidi ni kura. Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazil, alimruhusu mtazamaji kuusimamisha mchezo na kuingia mwenyewe kuubadilisha. Siku mbili kabla ya onyesho, wekeni kura kwenye kundi: binti aondoke, abaki, au amwambie babake ukweli? Chaguo tatu zisizidi. Waigizaji wafanye mazoezi ya zote tatu, na iliyoshinda itajwe na kuchezwa uwanjani tu. Tangazo la saa na mahali liwe kwenye kundi ambalo wasimamizi pekee huandika, vinginevyo litazama chini ya gumzo.

Kurusha moja kwa moja sikushauri. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, saa moja hula bando la takriban gigabaiti 1.35, na mtandao ukiyumba picha hukwama katikati ya tendo.

Na la wazazi msilipuuze. Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi. Ichukueni kwa maandishi kabla ya kurekodi, mueleze klipu itawekwa wapi. Mzazi akitaka sura ya bintiye isionekane, mpeni nafasi ya msimulizi, kama mzazi ataridhia sauti.

Nitumie klipu yenu ya kwanza niitazame kabla hamjaitoa. Itume kama faili, si kama video, WhatsApp isije ikaishusha ubora.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi sahibu yako