Kipimo cha mawimbi ya ubongo kitawafaa wazee wetu

Mhariri,

Nimefuatilia taarifa za kipimo cha mawimbi ya ubongo kinacholenga kugundua mapema kupotea kwa kumbukumbu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wanatumia dakika 3 tu: mtu anavishwa kofia ya vihisio, anatazama picha, wala hatakiwi kujibu lolote.

Hapo kwenye kutojibu ndipo penye faida kubwa kwetu Mombasa. Vipimo vya kalamu na karatasi humtaka mzee achore saa na kuhesabu kurudi nyuma. Nyanya wa Likoni ambaye hakusoma skuli aweza kuonekana mgonjwa, ilhali akili yake ni timamu. Na anayeugua kweli, nyumbani twasema “ni uzee tu”, mpaka siku apotee njia ya msikitini aliyoipita maisha yake yote. Marehemu babangu alitupotea hivyo, na bado yaniuma.

Naiomba serikali ya kaunti ianze majaribio katika zahanati chache na wauguzi wafunzwe. Kila atakayeshukiwa apelekwe kwanza kwa daktari, kwani upungufu wa vitamini B12 na huzuni ya muda mrefu pia huvuruga kumbukumbu, na hayo yanatibika.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa